Lori la Mchina, damu ya Mjerumani: jinsi ya kutafuta spea Mombasa bila kuliwa pesa

Wiki haiishi kabla mtu hajaja dukani kwangu hapa Changamwe, akasimama mlangoni jasho linamtoka, akanambia "kaka nataka injekta za HOWO, lakini nataka zile za Mjerumani, sitaki za Mchina". Mimi hucheka kidogo, si kwa dharau, ila kwa sababu hiyo HOWO yenyewe ni ya Mchina, na hizo injekta (vinyunyizi vya dizeli kwenye injini) za Mjerumani anazozitaka huenda zimetoka Wuxi, China huko huko, ndani ya kiwanda cha Bosch ya Ujerumani. Sasa nimuuzie nini?

Nimeona niandike hii mara moja ili mwingine akiniuliza nimtumie tu kwa simu, kwa sababu nimechoka kurudia na koo langu si la muadhini. Ni ya mwenye lori moja au mawili, ni ya fundi wa jua kali pale Jomvu au Miritini, na ni ya dereva ambaye bosi amemwachia pesa ya spea na hataki kurudi na kitu kisichoingia. Mwenye malori mia ana watu wake, hanihitaji.

Acha kuuliza "ya wapi"

Hilo swali la ya Mjerumani au ya Mchina lilikuwa na maana zamani. Siku hizi hawa watu wawili washaoana, wamezaa, wajukuu wamejaa bandarini. Uliza maswali matatu: nani aliichora, nani ameitengeneza, na ametengeneza kwa ruhusa ya nani. Ukipata majibu hayo bendera haina kazi tena.

Na hiyo ruhusa iko ya namna nyingi, hapa ndo watu wanapopotea.

Kuna leseni. Chukulia bi mkubwa wa biriani pale Kibokoni amekuuzia mapishi yake yote, vipimo, saa, mpaka duka analonunua zafarani, ukaenda kupika kwako Bamburi. Sufuria ni lako na moto ni wako. Mwaka wa kwanza biriani yako na yake hazina tofauti, mwaka wa kumi ushaanza kubadilisha mambo kwa mtindo wako, na jina la bi mkubwa limebaki kwenye hadithi tu. Ndo injini ya WD615 hiyo, ile ya HOWO 371 iliyojaa barabara yote kutoka Kilindini mpaka Malaba. Uchoraji wake ulitoka Steyr miaka ya 1980, na Steyr, msichanganye, ni ya Austria si ya Ujerumani, ingawa baadaye biashara yake ya malori ilinunuliwa na MAN ya Munich. Beiben nayo ni hivyo hivyo, teknolojia ya Mercedes-Benz ya miaka hiyo ya 1980 ikapelekwa Baotou, ndo maana ukiiona kabini ya Beiben ya zamani kwa mbali wadhani ni Mercedes ya mzee wako.

Kuna ubia. Hapa wawili wanafungua kiwanda kimoja na kugawana faida. Volkswagen walitia saini na watu wa Shanghai 1984, wakatengeneza Santana mpaka kila teksi ya Shanghai ikawa Santana. Mchina kwa miaka mingi alikuwa na sheria kwamba kampuni ya nje ya kuunda magari isizidi asilimia 50 ya umiliki, yaani ukitaka soko langu njoo tukae meza moja na unifundishe, na sheria hiyo ilikuja kuondolewa kidogo kidogo, kwenye malori 2020, kwenye magari madogo 2022. Kwa hivyo hawa mainjinia wa Kichina miaka 30 na zaidi wamekaa bega kwa bega na Mjerumani. Na hata kabla ya hapo, kuna chuo pale Shanghai kinaitwa Tongji, kilianzishwa 1907 na daktari Mjerumani, Erich Paulun, kikaanza na udaktari kisha wakaongeza uinjinia, na mpaka leo ndo mlango mkubwa wa Wajerumani kwenye vyuo vya China. Haya mambo si ya jana.

Lakini ubia usikudanganye. Foton Auman yatoka kwenye ubia wa nusu kwa nusu kati ya Foton na Daimler, wenye Mercedes, na hapo muuzaji atakwambia "hii ni Mercedes ndani". Fungua boneti uangalie. Nyingi zina injini ya Cummins, ambayo ni ya Marekani! Ukienda kutafuta spea za Mercedes za hiyo injini utazunguka Shimanzi yote mpaka viatu viishe.

Halafu kuna kiwanda cha Mjerumani mwenyewe kule China, au kile ambacho yeye ndo mwenye sauti. Bosch wana kiwanda cha mifumo ya dizeli Wuxi. Linde wanatengeneza foklifti Xiamen tangu 1993. Hapo kitu kimeandikwa kimetoka China na bado ni jenuini mia kwa mia, si kopi, si cha kuonea haya.

Na kuna lile ambalo wazee wangu hawaamini nikiwaambia, Mchina kumnunua Mjerumani. 2012 Sany waliichukua Putzmeister, wale wa pampu za zege. Mwaka huo huo Weichai, watengenezaji wa injini wa China, wakaweka yuro milioni 738 kwenye Kion, wenye Linde na Still, wakapata robo ya kampuni na sehemu kubwa ya kitengo cha haidroliki cha Linde. Midea, wale wa mafriji na majiko, wakatoa ofa ya Kuka ya Augsburg, roboti za viwandani, 2016 na kumaliza Januari 2017. Sasa foklifti ya Linde iliyotoka Ujerumani, ambayo mwenye hisa mkubwa ni Weichai wa Weifang, hiyo waiitaje? Ukinijibu nitakununulia mahamri.

Sasa tuje kwa lori lako

Anza na namba ya chesi, zile herufi na tarakimu 17. Herufi ya kwanza ikiwa L gari limetengenezwa China, ikiwa W ni Ujerumani. LZZ ni Sinotruk, hao ndo wenye HOWO na SITRAK, na WMA ni MAN yenyewe. Usiamini maandishi ya mlangoni, hapa mjini kuna mtu kazi yake ni kubandika nembo, nshaona HOWO ina nyota ya Mercedes na mwenyewe anatembea kifua mbele.

Pili nenda kwa injini, tafuta kibati chake kwenye bloku. Kitakuwa kimejaa grisi na vumbi la Mariakani, chukua kitambaa na dizeli kidogo ufute, piga picha iliyo wazi, si ile ya kutetemeka yenye kidole. Hiyo picha ndo pasipoti yako, iweke kwenye simu na umtumie mkeo pia maana simu huibiwa.

Kama kibati kimetoka, kuna njia ya macho. Ukiona injini ina vifuniko sita juu, kila silinda na hedi yake peke yake, hiyo ni ukoo wa WD615, damu ya Steyr. Hapo inaingia pia Weichai WP10 ambayo ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Ukiona hedi moja ndefu kutoka mwanzo mpaka mwisho na kemu shafti iko juu, na kibati chasema MC11 au MC13, hiyo ni damu ya MAN.

Hiyo ya MAN ina historia yake. 2009 MAN walinunua asilimia 25 na hisa moja juu ya Sinotruk kwa yuro milioni 560, na pamoja na pesa wakaleta teknolojia. Injini ya MAN D08 ikazaa MC07, D20 ikazaa MC11, D26 ikazaa MC13. SITRAK na HOWO za T7H zinabeba hizi. Kwa hivyo waweza kuwa na malori mawili yote yameandikwa Sinotruk, rangi moja, yamelala yadi moja pale Miritini, moja lina babu Austria na jingine lina babu Munich na hakuna hata boliti wanayoazimana.

Mtego wa 126

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ulinila mimi mwenyewe.

Miaka ya mwanzo nikiwa na duka, mteja alinipigia simu kutoka Voi, lori limekufa, pistoni imetoboka, ni Sinotruk. Nikamuuliza boa (upana wa silinda) ngapi, fundi wake akapima akasema 126. Nikasema hiyo naijua, WD615 hiyo, nikampakia pistoni, laina (ule mrija ambao pistoni inatembea ndani yake) na ringi kwenye basi la usiku. Asubuhi simu. Haziingii. Tena si haziingii kidogo, haziingii kabisa. Ikawa matusi, ikawa nauli ya basi mara mbili, yule mtu lori lake likalala Voi siku nne zaidi na mzigo wa watu juu.

Kosa ni hili. WD615 ina boa ya milimita 126 na mwendo wa pistoni milimita 130, lita 9.7. MC13 nayo ina boa ya 126, lakini mwendo wake ni 166, lita 12.4. Upana mmoja, urefu mbali mbali kama Likoni na Nyali. Pistoni si moja, konrodi (ule mkono unaoshika pistoni) si moja, na laina ndo kabisa, maana WD615 inatumia laina kavu nyembamba na ile ya MAN ni laina ya maji, maji yanaigusa kwa nje. Na bado kuna ya tatu, D12 ya Sinotruk na WP12 ya Weichai, 126 kwa 155. Boa moja injini tatu! Mwenye kukuuliza boa peke yake akakuuzia, huyo anauza kwa kubahatisha kama nilivyofanya mimi.

MC11 ni rahisi, ina 120 kwa 155. MC07 ni 108 kwa 125.

Kusoma namba ya spea

Kila spea ina namba na namba haisemi uongo kirahisi. Sitaki mkariri, nataka mzitambue kwa sura tu.

Ikianza na VG ni ya Sinotruk kwa injini ya ukoo wa WD615. WG na AZ nazo za Sinotruk, mara nyingi kabini, chesi, giaboksi, aksili. Ikianza na 61260 ni Weichai. Ukiona 200V, 201V, 202V au 080V, hiyo ni Sinotruk kwa injini za damu ya MAN, na hapa kuna kitu kizuri. Namba ya MAN yenyewe huanza na 51 kisha nukta, halafu tarakimu tano. Chukua zile tano za katikati ulinganishe na tano zinazofuata baada ya ile V kwenye namba ya Sinotruk, mara nyingi ni kundi moja la spea, kwa mfano kundi la 05501 ni la mambo ya oili pande zote mbili. Mchina aliichukua hata namna ya kuhesabu. Hii haimaanishi ya MAN itaingia kwa MC11 bila kuuliza, yaani usinilaumu, ila inakwambia unatafuta kwenye mlango sahihi, na ukikwama kupata ya Sinotruk wamuuliza mwenye spea za MAN akulinganishie zikiwa mkononi.

Bosch ni tarakimu kumi. Injekta za komon reli (mfumo wa dizeli wa presha kubwa) za malori huanza 0 445 120. Hiyo namba iko kwenye mwili wa injekta yenyewe, si kwenye boksi peke yake. Boksi lachapishwa popote, hata River Road. Namba ya boksi na ya mwilini ziwe sawa, na lebo ya usalama iwepo na haijafunguliwa. Na ukiona imeandikwa imetengenezwa China usiirushe, kumbuka Wuxi.

Stiaringi boksi ya HOWO nayo ina vituko. Karatasi ya lori itakwambia ZF8118, stiaringi ya Mjerumani. Ndio, ni jina la ZF, kampuni ya Friedrichshafen, na imetengenezwa China. Shida ni kwamba jina hilo limekuwa kama vile sisi twavyoita kila sabuni ya unga Omo. Mtu atakuuzia stiaringi yoyote na kuiita ZF. Angalia kibati chake, kama hakina jina la mtengenezaji, ni stiaringi tu, bei yake iwe ya stiaringi tu.

Mihuri ya kutishia watu

Muuzaji wa mtandaoni akikosa la kusema atakutumia picha ya mihuri. Tuipitie haraka.

CE si alama ya wapi kitu kimetoka. Ni mtengenezaji mwenyewe anatamka kwamba bidhaa yake inafuata sheria za soko la Ulaya. Na hiyo hadithi ya kwamba ni kifupi cha bidhaa za China za kuuza nje, iacheni kwenye vijiwe vya kahawa.

E ndani ya duara na namba pembeni, utaiona kwenye taa na kwenye breki. E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Lakini inasema nchi gani imeidhinisha muundo huo, haisemi kimetengenezwa wapi. Taa ya E1 yaweza kuwa imetoka Guangzhou na ni nzuri kabisa.

TÜV, hao wakaguzi wa Kijerumani, ndo hupendwa sana. Saplaya anakutumia cheti cha rangi ya bluu, ISO 9001, muhuri wa TÜV, na moyo wako unatulia. Soma tena kaka. ISO 9001 inahusu namna kiwanda kinavyoendeshwa na kuweka rekodi, haikupima hiyo beringi unayonunua. Na cheti chenyewe uhakikishe ni cha kweli, TÜV Rheinland wana daftari lao la mtandaoni linaitwa Certipedia, weka namba ya cheti uone jina la kampuni linalotokea ni hilo unalozungumza nalo. Nshawahi kupewa cheti kizuri sana, nikakitafuta, nikakikuta ni cha kiwanda cha vifaa vya bafu.

Na kwa wale wanaolia kwamba zamani kitu cha Mjerumani kilikuwa kitu, hiyo alama yenyewe ya "imetengenezwa Ujerumani" ililetwa na sheria ya Waingereza 1887 ili mnunuzi ajue hiki ni cha nje, akikimbie! Wakati huo Mjerumani ndo alikuwa anaitwa mtu wa kopi. Haya.

Kumhoji saplaya

Kama waagiza mwenyewe kutoka Jinan au Guangzhou, au kupitia jamaa yako aliye kule, usianze na bei. Ukianza na bei atakupa bei, na kitu atakitafuta cha kulingana nayo. Mtumie picha ya kibati cha injini, namba ya chesi, na namba ya spea ya zamani, kisha muulize hivi: hii yako ni ya kiwanda cha lori, ni ya kiwanda kinachopelekea kiwanda cha lori, au ni ya soko? Wachina wa spea wanazo ngazi hizo na hawaoni haya kukwambia, ukiuliza. Usipouliza atakunyamazia na bei yake tamu.

Muombe picha ya kitu chenyewe mkononi na karatasi yenye jina lako na tarehe, si picha ya katalogi. Kama ni injekta, muombe aonyeshe namba ya mwilini. Agiza kidogo kwanza, hata moja, ije kwa ndege ikibidi. Najua inauma kulipa nauli ya ndege kwa kitu cha kilo mbili, lakini yauma zaidi kufungua boksi 40 pale godauni ukakuta ni zile za boa 126 zisizo zako.

Mambo ya forodha nitapita haraka maana yanabadilika na ejenti wako ndo anayajua. Uliza ejenti kuhusu cheti cha KEBS (shirika la viwango la Kenya) cha ukaguzi wa kabla ya kusafirisha kabla hujamlipa saplaya, si wakati kontena limeshafika Kilindini na gharama za kukaa zinahesabika. VAT ni asilimia 16, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Na usikubali kabisa saplaya akuwekee jina la Bosch au MAN juu ya kopi eti kukusaidia kuuza. Mamlaka ya bidhaa bandia ikikukuta, mzigo unaondoka na wewe unabaki ukieleza.

Wapi ulipe na wapi ubane

Haya ni mawazo yangu, mwingine atakwambia vingine. Bampa, kioo cha pembeni, mlango, taa, madigadi, raba za kabini, hivyo chukua vya soko bila kuona haya, lori letu hili la Mombasa-Malaba litagongwa tu. Filta, hapana. Injekta, hapana. Beringi za krenki, breki na stiaringi, hapana kabisa, hapo nunua yenye jina na namba, iwe imetoka China au Ujerumani sijali. Klachi iko katikati, nimeuza za soko zikadumu na nimeuza zikarudi.

Kwa nini naikazania filta? Injekta za komon reli kwenye injini ya MC zinafanya kazi kwa presha ya bar 1600 hivi. Tairi la lori lako ni bar 8. Fikiria hiyo tofauti, na tundu za nozo ni ndogo sana. Chembe moja ya mchanga imekwisha kazi. Dizeli rasmi ya Kenya ilishushwa salfa mpaka ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, si mbaya, ubaya unaanzia kwenye jerikeni kando ya barabara, dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa. Mtu ananunua injekta sita kwa pesa ya kuuza ng'ombe, halafu anabana pesa ya filta na kujaza mafuta ya jerikeni Mazeras. Huyo hata akipewa injekta iliyobarikiwa itakufa.

Fundi asikuharibie

Ile ya WD615 mafundi wetu wanaijua wakiwa wamefumba macho, sina la kusema. Tabu ni hizi za damu ya MAN, wanazifungua kwa akili za WD615.

Konrodi zake zilipasuliwa kiwandani. Yaani ilitengenezwa kipande kimoja, kisha wakaivunja makusudi pale penye kifuniko, ili zile nyuso mbili zilizovunjika zishikane zenyewe tu kama sahani iliyopasuka vipande viwili. Kwa hivyo kifuniko cha konrodi ya silinda ya 2 hakiingii ya 3. Fundi akivichanganya kwenye karai moja la dizeli, basi. Na asipige msasa wala tupa pale penye ukwaruzo hata akikwambia ni uchafu. Mwambie aweke alama kabla ya kufungua, simama hapo hapo umwone akiweka.

Boliti zifungwe kwa toki renchi na kwa kipimo cha kitabu, si kwa mkono wa mtu aliyekula vizuri. Kama fundi hana toki renchi mkodishie, kuna watu wanakodisha.

Oili nayo, kitabu cha hizi injini kitataja kiwango cha MAN, M 3277 au kinachokaribiana nacho. Geuza debe uangalie nyuma, hiyo namba imeandikwa kule kwa maandishi madogo. Kama haipo, hata debe liwe na picha ya lori zuri vipi, liache.

Na kile kitu cha zamani usikitupe mpaka kipya kimewaka na lori limekwenda mpaka Mtito Andei na kurudi. Spea ya zamani ndo namba yako, ndo ushahidi wako kwa muuzaji. Yule mteja wangu wa Voi alikuja kuniletea pistoni yake iliyotoboka miezi mingi baadaye, sijui kwa hasira au kwa mapenzi, nimeiweka juu ya kaunta natilia kalamu. Mtu akija akanambia 126 tu, namwonyesha hiyo kwanza.